Jibu Nililompa Sabra

Jumatano, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mvua tangu alfajiri.

Leo kuta zinatoa jasho. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ndivyo zilivyo masika yakiingia: chokaa inakunywa maji wiki nzima, kisha inayarudisha ndani kidogo kidogo, na pembeni mwa dari hutokea madoa ya kijani ambayo ukiyafuta leo kesho yamerudi. Nimeamka nikayapangusa kwa siki na kitambaa, nikafungua madirisha upande usiopigwa na mvua, kisha nikakaa kusikiliza.

Siku hizi ndiyo kazi yangu, kusikiliza.

Birika likianza kuchemka, kabla halijapiga mluzi wa kweli, nainuka. Baiskeli ikipita uchochoroni na breki zake zikalia, nainuka. Jana ilikuwa bawaba ya dirisha la jirani, na nilifika mpaka mlangoni kwa mjukuu wangu ndipo nikatambua. Alikuwa anachora.

"Nini tena, Bibi?"

"Hakuna. Nilidhani umeniita."

Sikudhani hivyo. Nilidhani ni kifua chake.

Wanaosoma ukurasa huu wananijua kwa mambo mengine. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari kwa miaka thelathini, na tangu kustaafu huandika humu juu ya majani ya dawa, juu ya ndege wanaokuja na msimu, juu ya kwa nini embe huiva kwa kuanzia kwenye mbegu. Napenda kueleza. Watu wananiambia nina subira ya kueleza. Leo nitaeleza jambo ambalo kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilizunguka.

Sabra ana miaka tisa. Ni mtoto wa binti yangu Maimuna, ambaye kazi yake iko Kendwa, hotelini, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Amepanga chumba hukohuko na mjini huja siku moja kwa wiki. Baba yake Sabra yuko Maskati. Tangu alipoanza skuli, mtoto anakaa na mimi. Ana pumu, ya kuja na kwenda, ambayo zamani tukiituliza kwa kumkalisha kitako, kumpa maji ya vuguvugu na kungoja.

Mwezi wa Shaabani, siku kumi kabla ya Ramadhani, haikutulia. Alipanda ngazi kutoka chuoni, anakosomea Kurani, akashindwa kumaliza sentensi. Alikuwa anataka kuniambia amehitimu juzuu, na kati ya "Bibi" na "nimehitimu" alivuta pumzi mara tatu. Nilimpeleka hospitali. Walimvisha kinyago cha mashine ya mvuke, wakampa vidonge, wakamwekea oksijeni, na kufika magharibi alikuwa anauliza kama chakula cha hospitali kina pilipili. Alilala usiku mmoja. Kesho yake tukaruhusiwa.

Daktari alikuwa kijana, sauti yake ya upole. Alitandika vitu mezani mbele yangu: pampu ya buluu, pampu ya kahawia, na chupa ya plastiki ya kuvutia dawa kwa kuwa mtoto hawezi kwenda sawa na pampu peke yake. Akaanza:

"Bibi, hii ya buluu ni ya kumfungua akibanwa. Hii ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima kabisa. Baada ya siku saba mumrejeshe tumwone. Na kuhusu..."

"Nafahamu, mwanangu," nikamwambia. "Haya nimeyafundisha miaka thelathini."

"Ah. Samahani, Mwalimu." Akafunga kalamu yake, akatabasamu, akanipa karatasi.

Sijui ile "na kuhusu" ilikuwa inakwenda wapi. Ramadhani ilikuwa mlangoni. Huenda ilikuwa inakwenda huko.

Naijua hali ile ya daktari. Ni adabu yetu: mtu mzima akisema anajua, mdogo hunyamaza. Katika darasa langu nilikuwa sikubali mwanafunzi anayesema "nafahamu" kabla sijamaliza. Nilikuwa nikimwambia, haya, simama utueleze. Yule kijana angeniambia nisimame nimweleze, angegundua kwamba najua mapafu ya ubaoni, yaliyochorwa kwa chaki nyekundu na nyeupe. Pampu sikuwahi kuishika maishani mwangu.

Siku ya saba ilikuwa siku ya vunja jungu. Kwa msomaji asiye wa huku: siku za mwisho za Shaabani watu hukusanyika wakapika na kula pamoja kabla ya mfungo, na sisi ukoo wetu hukutana Matemwe kwa ndugu zangu. Maimuna aliniuliza kwenye simu.

"Na karatasi ya hospitali, Mama?"

"Mtoto mzima. Tutampeleka baada ya Idi. Nikakae foleni siku nzima kwa mtoto anayeruka kamba?"

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Tukaenda Matemwe. Sabra alikimbia ufukweni na binamu zake tangu maji yalipotoka mpaka yaliporudi, hakukohoa hata mara moja, na mimi nilimtazama nikiwa na sahani ya pilau mapajani nikajiambia: huyo ndiye mgonjwa?

Hapa ndipo inanibidi nieleze, kwa kuwa nilikuwa nalijua na halikunisaidia. Pumu ikimbana mtoto kisha dawa ikamfungua, tunaona imekwisha. Haijakwisha. Kilichofunguka ni misuli iliyokuwa imebana vijia vya hewa. Ndani ya vijia hivyo ngozi yake imevimba, na uvimbe huo hukaa siku nyingi, wiki, mtoto akicheza na kucheka juu yake. Ni kama kidonda kilichokauka juu. Pampu ya kahawia kazi yake ni uvimbe huo, nayo huufanyia kazi polepole, bila mtoto kuhisi chochote, na kwa sababu hahisi chochote ndiyo inayoachwa kwanza. Ndiyo maana wanakwambia mrejeshe. Si kuangalia kama anapumua, hilo unaliona mwenyewe. Ni kuangalia kama anavuta sawasawa, kama dawa inamtosha, na kukuuliza maswali ambayo wewe nyumbani hujiulizi: analala wapi, kuna moshi gani, siku yake inakwendaje, kitu gani kitamzuia.

Kitu gani kitamzuia. Swali hilo lingeulizwa siku tuliyokuwa Matemwe tunakula pilau.

Mwezi ukaandama. Sabra alitaka kufunga.

Mtoto wa miaka tisa halazimiki, na nilimwambia afunge mpaka adhuhuri, kama tulivyofanya sote utotoni. Lakini chini yetu anakaa Thuwaiba, ana miaka kumi, anafunga siku nzima, naye ndiye aliyejipa kazi ya kuwakagua wenzake baada ya chuo. Nilikuwa nawasikia dirishani.

"Toa ulimi."

"Huo. Mweupe?"

"Mweupe wapi. Umekunywa maji weye. Kobe."

"Sikunywa."

"Kobe hasemi nimekunywa. Angalieni midomo, inang'aa kama katoka kula samli."

Nilicheka peke yangu jikoni. Kobe ni mfungaji anayekula kwa siri; hata mimi niliwahi kuitwa hivyo na nilinusurika. Siku ya nne Sabra akaniambia anafunga mpaka magharibi, na nikamwachia. Nilijivunia, nisiseme uwongo. Nilimpigia simu mama yake kumwambia.

Siku ya sita, baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Sabra alikuja akasimama mlangoni, midomo mikavu.

"Bibi, mtu akimeza mate, saumu inaharibika?"

"Haiharibiki. Mate ni yake mwenyewe."

"Akinusa mchuzi?"

"Kunusa si kula. Kungekuwa kula, mimi leo nisingekuwa na saumu."

"Akivuta hewa kwa mdomo?"

"Basi asingefunga hata mmoja katika dunia hii."

"Na hewa yenye dawa?"

Niliweka kifuu chini. Nakumbuka niliweka kifuu chini, kama nilivyokuwa nikiweka chaki swali zuri likija kutoka nyuma ya darasa.

"Hewa yenye dawa si hewa tena," nikamwambia. "Ni dawa. Na kila kitu kinachoingizwa mwilini kwa kusudi, kupitia tundu lililo wazi, kinafunguza." Nikamtajia matundu yenyewe nikihesabu vidoleni, kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu wa chuo nikiwa na umri wake. Nikamweleza tofauti ya kusudi na kusahau. Nilifurahishwa na jibu langu. Lilikuwa na mpangilio.

"Ahsante, Bibi," akasema, akaenda zake.

Sikumuuliza kwa nini anauliza.

Toka siku hiyo pampu ya kahawia ya asubuhi haikuguswa. Jioni akiikumbuka alivuta, na akishiba futari akalala hakuvuta. Mimi nilikuwa nimemkabidhi mwenyewe tangu Shaabani, kwa kuwa naamini mtoto ajifunze kujitunza. Mara mbili tatu nilimuuliza asubuhi, "Pampu?" naye akanijibu, "Ipo kabatini, Bibi." Ilikuwa kweli. Alikuwa amefunga, hakutaka kusema uwongo, akatafuta neno la kweli la kunipa, na mimi nikasikia nililotaka kusikia.

Saumu ya kumi na saba. Alirudi chuoni, nikasikia viatu vyake vikivuliwa chini, nikaendelea na kazi. Nilikuwa nakaanga katlesi na mafuta yalikuwa yanapiga kelele. Kiasi cha dakika ishirini kabla ya magharibi nikatoka kumwita aje kutandika mkeka.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo ukutani, mabega yanapanda na kushuka. Mkononi ana pampu ya buluu. Kifuniko chake alikwisha kukitoa, kiko pembeni yake kwenye kidato. Macho yako dirishani, upande inakotoka sauti ya msikiti. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu.

"Vuta, Sabra."

Akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. Akavuta pumzi. "Adhana."

Nimejaribu kuandika sentensi ya kufuata hapa mara nyingi.

Niliichukua pampu nikampelekea kinywani, naye akafumba midomo. Alikuwa na nguvu ya ajabu kwa mtoto asiyepata hewa. Alinikatalia kwa nguvu zake zote, akilinda kanuni niliyompa mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya mbuzi. Nilimfungua kinywa kwa vidole. Nilibonyeza. Nusu ya dawa ilitoka puani na nusu sijui ilikwenda wapi, na machozi yalikuwa yanamtoka, na nilijua analilia saumu.

Dakika zile kabla ya futari mji wetu huwa kama umehamwa. Hakuna gari, hakuna teksi, kila mtu yuko ndani na tende mkononi. Baba yake Thuwaiba alitoa vespa yake. Nilikaa nyuma, Sabra katikati yetu, mbavu zake zinapiga kwenye mikono yangu. Adhana ilitukuta njiani. Nikamwambia sikioni, imeadhiniwa, mwanangu, vuta sasa. Akavuta. Haikufika popote. Kifua kilikuwa kimefunga, na ule mluzi niliouzoea haukuwepo tena. Wanafunzi wangu walikuwa wakidhani mluzi ukinyamaza ni nafuu. Nilikuwa nawaambia: ukinyamaza, ogopeni.

Walimwokoa. Alilazwa siku mbili, na ya kwanza sikujua itaishaje.

Asubuhi ya siku ya pili, kinyago kikiwa kimevuliwa, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, saumu yangu ya jana inahesabiwa? Uliifungua kabla ya wakati." Hapo ndipo nilipoelewa. Maswali yale manne ya jikoni yalirudi mbele yangu moja baada ya jingine, na nikaona yalikuwa yanaelekea wapi tangu mwanzo. Hakuwa anapiga porojo. Alikuwa anaomba ruhusa.

Nilimwambia mgonjwa hafungi, na mtoto halazimiki, na kwamba mimi ndiye niliyekosea. Mwalimu wake wa chuo alikuja kumtazama akamwambia vivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko yangu. Juu ya pampu yenyewe wanavyuoni wana maneno yao mbalimbali, akasema, lakini hakuna hata mmoja wao anayemtaka mtoto asipumue.

Basi ningekuwa nimekosea mara moja tu, ningekuwa naandika habari nyingine. Mchana ule Maimuna alifika kutoka Kendwa, sare ya kazi bado mwilini, harufu ya sabuni ya mashuka. Alimshika mwanawe miguu kwanza, kama wanavyofanya kina mama, kisha akanigeukia.

"Alikuwa akivuta ile ya kila siku?"

Nikasema, "Watoto husahau."

Sabra alikuwa macho. Alinisikia.

Maimuna hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, ikitokea tena nnamchukua. Heri awe na mimi, chumba kimoja, kuliko hivi." Na mimi nikaitikia. Katika nyumba hii ya ghorofa tatu, ikiwa Sabra hayupo, anayepanda na kushuka ngazi ni mimi peke yangu. Nilinyamaza kwa sababu hiyo. Ningependa iwe sababu bora zaidi.

Sasa leo.

Leo ilikuwa siku ya kumrejesha, na safari hii tulifika kabla ya mlango kufunguliwa. Muuguzi wa kliniki ya watoto nilimsomesha. Kisiwa ni kidogo, nusu ya wanaofanya kazi humo walipita darasani kwangu. Anaitwa Rehema. Alikuwa akikaa mstari wa mbele na hakuwahi kuuliza swali hata moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Rehema."

"Leo mwanafunzi ni weye," akasema, akacheka, akavuta kiti chake mpaka karibu na Sabra. Alimpa kibomba cha plastiki chenye mshale apulize kwa nguvu, mara tatu, akaandika. Kisha akamwambia, "Haya, nionyeshe unavyovuta nyumbani." Sabra akachukua pampu, akaiingiza kwenye chupa, akabonyeza, akavuta kwa haraka kama mtu anayekunywa soda. Rehema akamtikisia kidole. Kwanza itikisike. Kisha pumzi za polepole, tano, mdomo umeziba vizuri kwenye chupa. Kisha mvuto wa pili. Kisha usukutue uteme. Alimrudisha mara nne mpaka akaridhika. Nilitazama kila hatua, na hakuna hata moja niliyokuwa naijua.

Akaniuliza ukuta wa chumbani una unyevu? Una. Mnafukiza udi? Tunafukiza, Ijumaa, na nguo zake pia. Aliandika bila kuinua uso. Kisha akasoma faili la alipolazwa, akamuuliza Sabra, kwa upole kabisa:

"Na Ramadhani, mbona ya asubuhi ulikuwa huvuti?"

Sabra alitazama sakafu.

"Nilisahau."

"Mjukuu wa Mwalimu anasahau? Mwalimu, huyu hakufanana na wewe."

Nikacheka. Ndivyo nilivyofanya. Nilicheka pamoja naye, na Rehema akaandika, na nikaliona neno likiandikwa: amesahau.

Tulitoka tukasimama kibarazani kungoja mvua ipungue. Watu walikuwa wengi, wamebanana chini ya paa, watoto wamefunikwa kwa khanga. Sabra alinivuta mkono.

"Bibi, uwongo wa kumsaidia mtu una dhambi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari kinywani, lenye sehemu tatu. Nikalimeza.

"Kwa nini unauliza?"

Alinitazama kama sikuwahi kumuuliza hivyo, na ni kweli sikuwahi.

"Kwa sababu mie sikusahau. Lakini wewe ulimwambia Mama nilisahau. Ningesema vyengine, ungeonekana umesema uwongo." Akafikiri kidogo. "Halafu Mama anichukue, na wewe ubaki na Thuwaiba akukague ulimi."

Wanawake wawili waliokuwa karibu yetu walicheka. Mimi safari hii sikucheka.

Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa alikuwa amebeba vitu viwili wiki hizi zote: kifua chake, na mimi.

Tulirudi ndani. Rehema alikuwa na mgonjwa mwingine, tukangoja. Alipotuona akadhani tumesahau dawa. Nikamwambia, nikiwa nimesimama, mbele ya Sabra: hakusahau. Aliniuliza nikamjibu kwamba inafunguza, na sikumuuliza anauliza kwa sababu gani, na mama yake nilimwambia uwongo.

Rehema alilitafuta faili, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika upya.

"Hili si mara ya kwanza kulisikia, Mwalimu," akasema. "Kila Ramadhani wanaletwa hivi. Wote wanasema wamesahau." Kisha akamgeukia Sabra. "Ya kahawia ni mara mbili tu kwa siku. Mwenye kufunga na daktari wake akamruhusu, tunampangia wakati wa futari na wakati wa daku. Hugusi mchana. Ungekuja kabla ya mwezi kuandama ningekwambia. Lakini ya buluu haina saa. Ukibanwa unavuta, uwe umefunga, uwe chuoni, uwe unasali. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Niambie nilivyosema."

Sabra akamwambia, neno kwa neno. Rehema alimsubiri amalize, hakumkatiza.

Alitupa siku nyingine ya kurudi, mwezi ujao, na nyingine kabla ya Ramadhani ijayo, ameiandika kwa kalamu nyekundu. Kisha akasema jambo ambalo nilijua litakuja. "Mwalimu, mara ijayo aje na mama yake. Na hili alisikie kutoka kwako, si kwenye karatasi yangu."

Sehemu yote ya juu nimeiandika mchana, nikijikusanya. Saa kumi jioni nimempigia simu Maimuna, na sasa namalizia.

Nilimwambia yote kwa mfululizo: swali la jikoni, jibu langu, ile "watoto husahau". Nyuma yake nilisikia mashine za kufulia zinazunguka. Ziliendelea kuzunguka kwa muda mrefu.

"Alikaa na pampu mkononi," akasema mwishowe. Hakuwa ananiuliza.

"Ndiyo."

"Imefunguliwa."

"Ndiyo."

Mashine moja ilisimama. Nilisikia mtu akimwita, naye hakuitika.

"Nnakuja Ijumaa, Mama. Atakaa na mimi mpaka mvua ziishe. Huku kuna skuli, na chumba changu kikavu. Baada ya hapo tutatazama."

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nayo mengi: masomo yake, juzuu aliyobakisha, mwendo wa kutoka Kendwa mpaka hospitali ikitokea jambo. Mengine yalikuwa ya kweli.

Nikasema, "Haya, mwanangu."

Nimemwambia Sabra. Aliuliza kama ataruhusiwa kuchukua rangi zake za kuchorea, nikamwambia ataruhusiwa. Kisha akaniuliza kama nimekasirika, nikamuuliza kwa nini anauliza, akasema basi tu, na nikamwambia sijakasirika.

Nimekunja nguo zake na kuziweka kitandani kwangu, si kwenye begi. Begi ni la Ijumaa. Kesho Alhamisi bado yuko na mimi. Saa moja asubuhi, kabla ya chai, nitakaa mbele yake: atikise, avute pumzi tano, atikise tena, avute, asukutue. Nitazihesabu pumzi kwa vidole, na sitasema neno mpaka amalize.